Kidole Gumba na Sikio la Msikilizaji: Kukua kwa Mpiga Gita katika Sanaa ya Mwenda Jean Bosco na George Mukabi

Wimbo unapofika mezani kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, aghalabu hufika ukiwa umekwisha kuvuliwa nguo zake. Sauti imeachwa nje, ala imeachwa nje, na kilichopokewa ndani ni maneno matupu yaliyopangwa kwa mishororo kana kwamba yalitungwa ili yasomwe. Mhakiki huyahesabu mizani, huyakuta hayatimii. Huvitafuta vina, huvikuta vimelegea. Kisha hutoa hukumu kwamba utungo huu ni dhaifu ukilinganishwa na shairi la Pwani. Hukumu hiyo imetolewa juu ya nyimbo za gita za bara mara nyingi mno, na kila mara shahidi mkuu, yaani gita lenyewe, hakuitwa barazani.

Makala haya yanakusudia kumwita shahidi huyo. Twataka kuuliza mpiga gita hukua vipi katika sanaa yake, na kukua huko kunahusiana vipi na uwezo wake wa kumfikia msikilizaji. Mfano wetu mkuu ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye upigaji wake ulibadilisha muziki wa Kenya pasipo yeye kuwa Mkenya. Wa pili ni George Mukabi wa Kisa, katika nchi ya Waluhya, aliyefariki mwaka 1963 akiwa ametuachia santuri ambazo hadi leo hazijafanyiwa uhakiki unaostahili. Tumewachagua hawa kwa sababu wote wawili waliimba sana kwa Kiswahili, wote wawili walipiga gita kavu, yaani lisilo la umeme, na wote wawili walitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kwa vifaa vichache namna hiyo, tofauti iliyopo kati yao haiwezi kuelezwa kwa wingi wa vyombo. Ni tofauti ya fikra.

Bosco, aliyejulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Msomaji wa Afrika Mashariki asilipite jina la Bunkeya kwa haraka. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka pande za Unyamwezi katikati ya karne ya 19, akajijengea dola katika Katanga, na akauawa na msafara wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke ndio watu wa dola hiyo. Kwa hivyo, Kiswahili kilipoenea baadaye katika makambi ya machimbo ya shaba, baada ya kampuni ya Union Minière kuundwa mwaka 1906 na kuanza kuwakusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi, hakikufika Katanga kama mgeni asiye na jamaa. Njia ya misafara ilikuwa imekwisha kukipitisha. Wafanyakazi waliokutana katika makambi hayo walikuwa na lugha za mama nyingi, na jioni walihitaji lugha moja ya kucheka nayo. Kiswahili ndicho kilichowafaa.

Kiswahili hicho wasomi wetu wengi wamekidharau. Wamekiita Kingwana, wamekiita kibovu, wamekisahihisha midomoni mwa wenyewe. Kina viambishi ambavyo mwalimu wa sarufi hapa Nairobi angevitia wino mwekundu: wingi wa watu huanza kwa ba- pale ambapo sisi husema wa-, na udogo wa vitu huonyeshwa kwa ka- na tu-, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kuwa historia ya lugha hii haiwezi kutenganishwa na historia ya kazi na mamlaka katika Kongo ya Wabelgiji. Sisi tungependa kuongeza jambo moja linalohusu muziki, ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito wake.

Kiluba na Kisanga ni lugha za toni. Katika lugha za namna hiyo, neno hubeba wimbo wake ndani yake. Likipandishwa pasipostahili, huweza kugeuka na kuwa neno jingine, ama likabaki halieleweki. Mtunzi wa wimbo katika lugha hizo hulazimika, kwa kiasi fulani, kuichunga toni ya maneno anapoichagua sauti ya kuimbia. Kiswahili hakina deni hilo. Mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, nao hautenganishi neno na neno kama toni itenganishavyo. Basi mtu aliyelelewa katika lugha ya toni, akishika gita na kuimba kwa Kiswahili, hujikuta amefunguliwa kamba. Sauti ya mwimbaji yaweza kwenda itakako, na gita laweza kumfuata, kumkatiza, au kumwacha njiani. Hatusemi kwamba Bosco aliifikiri hoja hii hivyo. Twasema kwamba masikio yake yaliitumia. Pengine hii ni sababu moja ya Kiswahili kuwafaa wapiga gita wa Katanga, pamoja na ile inayotajwa siku zote ya wingi wa wasikilizaji.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka kusini na kati ya Afrika na mitambo yake ya kurekodia, alimrekodi Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Bosco alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa ni ile iitwayo "Masanga", na kwa hiyo jina lake lilisafiri kuliko miguu yake. Kuna kinaya hapa kisichopaswa kufichwa. Tracey alijitolea maisha yake kuzihifadhi ngoma na ala za asili, na mwaka 1954 aliianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika kwa kusudi hilohilo. Lakini moja ya kazi alizozinasa zilizopendwa na watu wengi zaidi ilitoka katika gita, ala ya kigeni iliyoletwa na biashara na kupigwa katika mji wa machimbo.

Sasa tuusikilize mkono wenyewe. Kidole gumba hupiga nyuzi nene za juu, na kidole cha shahada hupiga nyuzi nyembamba za chini. Hivyo ndivyo wapigavyo wengi wa shule hii, na mwanafunzi yeyote mwenye subira huweza kuupata mwendo huo. Kwa Bosco, hata hivyo, gumba halikubali kuwa mtumishi wa shahada. Gumba lina mwendo wake, unaorudi na kurudi kama mtu atwangaye. Shahada ina wimbo wake, nao huangukia katikati ya mapigo ya gumba, mara ukiyatangulia, mara ukiyachelewea. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani wapo wapigaji wawili. David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wake wa upigaji huu katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliziandika kwa nota tofauti ambazo Bosco huzitia kila anaporudia kipande, na anayeufuata uchambuzi huo huona kwamba karibu hakuna marudio yaliyo marudio matupu.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Marudio katika muziki huu hufanya kazi ileile inayofanywa na kiitikio katika ngano. Fanani wa ngano husema "Paukwa", akanyamaza. Hadhira husema "Pakawa". Kimya kile kifupi kati ya maneno mawili ndicho kinachowaingiza watu ndani ya hadithi, na fanani asiyejua kukiacha husimulia peke yake hata kama nyumba imejaa watu. Bosco huliuliza "Paukwa" lake kwa nyuzi. Kipande kifupi cha wimbo hutolewa, hurudiwa, na hurudiwa tena, mpaka sikio la msikilizaji limejifunza jinsi kinavyokwisha. Kisha, mara ya nne au ya tano, mwisho wake hubadilishwa kwa noti moja, au huachwa bila kukamilishwa huku gumba likiendelea na safari. Msikilizaji hukimalizia mwenyewe kimoyomoyo. Amekwisha kuwa mwitikiaji. Hakuambiwa aimbe, wala hakupigiwa makofi ya kuchochewa. Amefundishwa jibu, kisha akaachiwa nafasi ya kulitoa.

Tukilikubali hili, itabidi tuipime upya ile dhana iliyozoeleka ya kukua kwa mpiga gita. Hudhaniwa kuwa kukua ni kuongeza: kasi zaidi, mikao zaidi ya vidole, nyimbo nyingi zaidi, na hatimaye gita la umeme. Vijana wengi wanaojifundisha siku hizi hushikilia dhana hii, nao wana chombo ambacho wazee wao hawakuwa nacho, kwani kwa simu ya mkononi waweza kukirudia kipande kimoja cha "Masanga" mara mia hadi vidole vikitii. Wanachokipata mwishoni ni nakala nzuri ya siku moja ya mwaka 1952. Na nakala hiyo ni ya kitu kilichokatwa. Santuri za wakati ule, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua kama dakika tatu kila upande, nao mpigaji alilazimika kufunga mzigo wake ndani ya kibweta hicho. Barabarani na katika vilabu vya pombe hakukuwa na mwenye saa. Wimbo uliendelea maadamu palikuwa na masikio, ukarefushwa walipopenda, ukakatwa walipochoka. Kwa hiyo anayeiga santuri neno kwa neno huiga uamuzi ambao mpigaji alilazimishwa na mashine, naye huacha kuiga ule uwezo wa kuamua, ambao ndio sanaa yenyewe.

Zamani kijana alijifunza kwa njia nyingine. Gita la kwanza lilikuwa debe la mafuta, kipande cha ubao, na nyaya za breki za baiskeli. Mwalimu hakufundisha, alipiga, na mwanafunzi aliiba kwa macho. Penseli iliyofungwa kwa uzi shingoni mwa gita ilitosha kuinua sauti zote ili zilingane na koo la mwimbaji. Hatutaki kuutukuza umaskini huo, kwa maana vipaji vingi vilipotea kwa kukosa nyuzi tu. Twataka kusema kwamba mwanafunzi wa namna ile alijifunza mbele ya watu tangu siku ya kwanza. Makosa yake yalichekwa papo hapo, na kipande kilichowapendeza wapita njia kilimletea sigara au senti. Sikio la hadhira lilikuwa ndilo ubao wake wa kuandikia. Mwanafunzi wa leo hujifungia chumbani mwaka mzima, kisha hutoka akiwa fundi ambaye bado hajakutana na mtu.

Bosco alipofika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kusikika redioni, alikutana na hadhira ya namna nyingine. Hawakuwa wachimba shaba. Walikuwa makarani, mahamali, watumishi wa nyumbani na wafanyakazi wa reli, na Kiswahili chao hakikuwa chake. Walimwelewa nusu. Hata hivyo walimpokea, yeye pamoja na binamu yake Edouard Masengo, kwa namna ambayo wachache wa wenyeji walipokewa. Baadhi ya wenzetu huieleza hali hii kwa kusema kwamba watu walipenda ugeni. Maelezo hayo hayatoshi. Nairobi ya siku zile ilikuwa na wageni wengi wa kuimba na wengi wamesahauliwa. Sisi twaona kwamba hadhira ile ilipata katika upigaji wa Bosco jambo ambalo yenyewe ililihitaji, yaani mtu mmoja mwenye ala moja anayeweza kuwakusanya watu wa makabila mbalimbali bila kumlazimisha yeyote ajue lugha ya mwingine kikamilifu. Alichokosa msikilizaji katika maneno alikipata katika yale maswali na majibu ya nyuzi.

John Low, ambaye aliandika historia fupi ya muziki wa gita wa Kenya mwaka 1982, na mwaka huohuo akachapisha shajara ya safari yake ya kwenda Shaba kujifunza kwa Bosco na wenzake, ametuonyesha jinsi mkondo huo wa Katanga ulivyoingia katika mito iliyokuwa ikitiririka hapa kabla yake. Na hapa yafaa tumtazame Mukabi, kwa sababu kuna desturi ya kumfanya aonekane mwanafunzi tu wa Wakongo, jambo ambalo si haki.

Mtindo wa Mukabi huitwa omutibo. Vidole ni vilevile viwili, lakini uhusiano wao umegeuzwa. Gumba na shahada za Bosco hugombana kwa adabu, ilhali za Mukabi hutembea pamoja kama ndugu waendao sokoni. Mara nyingi wimbo unaopigwa kwa shahada ndio uleule unaoimbwa kwa mdomo, au uko karibu nao sana, na sauti ya pili ya mwimbaji mwenzake huufuata kwa kuupanda hatua chache. Juu ya hayo huja chupa ya soda yenye mifuo, ikikwaruzwa kwa chuma ili kutia mwendo. Mwenye sikio lililozoea ngoma ya isukuti atautambua mwendo huo mara moja. Twasisitiza jambo la chupa kwa sababu wahakiki hulipita kama kichekesho. Chupa ile haihitaji fundi. Mtu yeyote aliyekaa karibu aweza kuishika, na kwa kuishika ameingia katika muziki. Bosco humfanya msikilizaji aitikie kimoyomoyo. Mukabi humkabidhi ala.

Tofauti hii yaonekana pia katika maneno. "Mtoto si nguo", jina la mmoja wa nyimbo za Mukabi, lina umbo la methali, nalo hufanya kazi kama methali: hutoa upande mmoja wa mfano na kumwachia msikilizaji upande wa pili. Nguo huazimwa, huvuliwa, huchakaa, hununuliwa nyingine. Msikilizaji aliyelelewa katika jamii ya methali huyajaza hayo yote kabla mwimbaji hajafika ubeti wa pili. Hapo maneno yanafanya kazi ileile ambayo kwa Bosco hufanywa na kidole cha shahada. Mukabi aliweka nafasi ya hadhira katika lugha, kwa hiyo gita lake lingeweza kumudu kuwa sahili. Mhakiki anayesema kwamba gita la Mukabi ni changa likilinganishwa na la Bosco ametazama mkono bila kusikiliza mdomo, kama vile yule wa kwanza alivyotazama mdomo bila kusikiliza mkono.

Hata hivyo hatupendi kumsifu marehemu kupita kiasi. Nyimbo zake nyingi zimejengwa juu ya mwendo uleule, na anayezisikiliza kumi mfululizo huanza kuona seremala mmoja akitengeneza kiti kilekile kwa mbao za rangi mbalimbali. Je, angekua akaupita mwendo huo? Katika "Sengula Nakupenda" mna dalili kwamba angeweza, kwa maana humo sauti na nyuzi zimeshonwa kwa ustadi unaopita mazoea ya mtindo. Kifo kilimkatiza mwaka 1963. Waliomfuata katika omutibo waliurithi mwendo wake kwa uaminifu mkubwa, na pengine uaminifu huo ndio uliokifungia mtindo mahali pamoja kwa miaka mingi.

Njia ya tatu, ambayo tutaigusa tu, ni ya Fundi Konde wa nchi ya Wagiriama, aliyeishi kutoka mwaka 1924 hadi 2000. Yeye alipita katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akayajua magita ya umeme na miunganiko ya sauti ya muziki wa dansi wa ng'ambo, na Kiswahili chake ni cha Pwani, safi na chenye ucheshi. "Tausi" wake hupendeza hadi leo. Lakini gita la Konde ni la mwenyeji anayekukaribisha katika nyumba iliyokwisha kupambwa. Kila kitu kipo mahali pake, nawe waombwa kuketi. Ni sanaa ya heshima kubwa, na twaamini inastahili makala yake yenyewe. Haihusiani sana na swali la nafasi ambalo tunalishughulikia hapa.

Turudi kwa Bosco. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Hadhira ile haikujua neno hata moja la Kiswahili, si cha Katanga wala cha Unguja. Tangu hapo, na hata kabla, wapiga gita wa Ulaya na Marekani wamezijifunza kazi zake kwa bidii, wakaziandika kwa nota, wakazifundisha. Twawashukuru, kwa maana bila wao mengi yangepotea. Lakini katika mikono yao mingi "Masanga" imekuwa kipande cha nyuzi tupu. Wametenda kinyume cha wahakiki wetu: sisi tuliyachukua maneno tukaliacha gita, wao wamelichukua gita wameyaacha maneno. Kati ya pande hizi mbili wimbo mzima haupo kwa mtu yeyote.

Jambo hili si la kupuuzwa katika idara ya lugha za Kiafrika. Nyimbo za Katanga za miaka ya 1950 ni miongoni mwa ushahidi wa thamani kubwa tulio nao wa jinsi Kiswahili cha makambi kilivyosemwa na watu wenyewe, kwa hiari yao, nje ya vitabu vya wamisionari na vijitabu vya amri vya waajiri. Aliyekiimba Kiswahili hicho alikuwa kijana asiyeamriwa na mtu atumie lugha gani. Namna anavyoyagawanya maneno ili yaingie kati ya mapigo ya gumba yatuonyesha mkazo wa lugha hiyo ulivyokaa masikioni mwake. Silabi anazozimeza na zile anazozirefusha haziwezi kueleweka kwa karatasi peke yake, kwa sababu aghalabu anazimeza ili kulipisha gita. Mwanafunzi atakayezinukuu nyimbo hizi pasipo kuandika nyuzi zinafanya nini chini ya kila silabi atadhani amekuta makosa ya sarufi, kumbe amekuta uamuzi wa mwanamuziki.

Kuna desturi moja zaidi inayotuunganisha. Waimbaji wa kizazi hicho cha Katanga hupenda kujitaja jina ndani ya wimbo. Wasikilizaji wetu wa leo huiona kuwa majivuno. Lakini mtunzi wa tenzi wa Pwani naye, anapokaribia tamati, hujitaja jina, na mara nyingine mji wake, ili msomaji ajue nani amwombee. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alitambua kwamba mwimbaji ni mtu mwenye nasaba na safari, anayestahili kalamu ya mwandishi mkubwa. Wapiga gita wa bara hawakubahatika kupata kalamu ya namna hiyo. Walijiandika wenyewe katika nyimbo zao, wakijua kwamba santuri itafika mahali ambapo hakuna mtu wa kuwatambulisha.

Bosco hakuishi kwa gita peke yake. Alifanya kazi za mshahara, aliongoza bendi, alijaribu biashara. Kwa miaka mingi baada ya sifa ya mwanzo, jina lake lilijulikana zaidi ng'ambo na katika kumbukumbu za wazee wa Nairobi kuliko katika kumbi za Lubumbashi, ambako vijana walikuwa wamegeukia bendi kubwa za Kinshasa. Mtu angeweza kusema kwamba alifika kileleni akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwamba yaliyobaki yalikuwa kuteremka. Maoni hayo tumeyasikia, nayo yana nguvu yake: hakuna rekodi yake ya baadaye iliyokuwa na athari ya zile za Jadotville.

Lakini athari ni jambo la soko na la nyakati, na kukua ni jambo la mkono na sikio. Tunayo santuri aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kufa katika ajali ya gari nchini Zambia mwezi wa Septemba 1990. Sauti imezeeka, haiwezi tena kurukaruka kama ya kijana wa barabarani. Gumba bado ni lilelile, na mtu aliyelisikia mara moja hatalisahau. Mwenye kutaka kulijua jibu la swali letu azipige rekodi hizi mbili, ya mwaka 1952 na ya mwaka 1988, moja baada ya nyingine, na ayafumbie macho maneno yote yaliyoandikwa kwenye majalada. Asihesabu noti. Asikilize kila mahali ambapo kidole cha shahada kinanyamaza, na gumba likabaki peke yake na msikilizaji, na ajiulize ni nani kati ya vijana na wazee hao wawili, walio mtu mmoja, anayemngojea kwa subira zaidi.